Kiatu cha Cheni

"Sasa," alisema Nereida.

Evelio alikuwa amelala chali chini ya gari, mikono yote miwili kwenye spana, na spana imeng'ata nati kubwa ya puli. Alisimamisha mkono palepale. Alitazama alama ya chaki aliyokuwa ameichora pembeni mwa puli, akaona imesogea upana wa kidole tu. Kwa injini ya umri ule, ambayo ilikuwa imefunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko sufuria ya jikoni, kidole kimoja kilikuwa habari njema.

"Una hakika kimecheza?"

"Kimecheza. Nimekiona."

Kazi ile ilihitaji watu wawili. Mmoja alikaa chini akiizungusha injini kwa mkono, polepole, kurudi nyuma. Mwingine alikaa juu akichungulia ndani ya distribyuta iliyovuliwa kifuniko, akikitazama kidole kidogo kinachogawa moto. Cheni ya taimingi ikiwa imekaza, ukigusa spana tu kile kidole hucheza. Ikiwa imelegea, spana hutembea bure kwanza, na kadiri inavyotembea bure ndivyo cheni ilivyochakaa. Kazi ya mtu wa juu ni kutamka neno moja tu kwa wakati wake.

Nereida alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, kichwa chenye kofia ya ukili kimezama ndani ya boneti. Mkono wake wa kushoto, ule wenye mshipa uliovimba kwa kuchomwa sindano, aliuegemeza kwenye bodi ya gari juu ya taulo. Miguuni pake palikuwa na kikombe cha bati chenye maji yote aliyoruhusiwa kunywa siku nzima, ambayo yasingejaza glasi, kwa kuwa figo zake hazikuweza tena kuyatoa. Ilikuwa Jumapili. Mara ya mwisho alisafishwa damu Ijumaa, na kesho alfajiri Evelio alitakiwa kumpeleka hospitali ya mkoa pamoja na mwalimu Odalis, ambaye figo zake pia zilikuwa zimekufa. Gari la wagonjwa la mji lilikuwa juu ya mawe likingoja matairi. Kwa hiyo zahanati ilimpa Evelio petroli, ikamkabidhi wagonjwa wawili, na kila mtu akalihesabu jambo hilo kuwa limekwisha.

Kilichomlaza chini ya gari ni sauti. Tangu Jumatano, kila alipoiwasha injini ingali baridi, ilitoa mlio kama wa maharage makavu yakitikiswa ndani ya kopo. Ulegevu wa upana wa kidole kimoja hautoi mlio ule.

Alimwambia mkewe warudie. Alifuta chaki kwa gumba, akachora nyingine, akasogeza bega apate nafasi. Vumbi lilimwingia jichoni, akaacha kila kitu ili ajifute kwa mkono wa shati.

"Sasa," alisema Nereida juu yake.

Evelio aliuacha mkono machoni. Kuku wa jirani walikuwa wakiparura karibu na kichwa chake.

"Bibie," alisema mwishowe, "sijavuta bado."

Kutoka pale chini Evelio aliiona miguu ya mkewe tu, miguu minene iliyovimba ndani ya ndara, na vidole vya mguu vikijikunja kama vya mtoto aliyeulizwa swali darasani.

"Ukiona imelegea utaifungua," alisema Nereida. "Nakujua. Ukiifungua leo, kesho siendi."

"Na ikiruka meno njiani je?"

"Basi irukie hukohuko mbele, tukishakaribia. Nitamalizia kwa miguu."

Evelio alijikuta anacheka, ingawa hakuwa na la kuchekea. Alimwomba warudie mara ya tatu, na safari hii aseme anapoona. Akavuta. Chaki ilipita upana wa kidole cha kwanza. Ilipita cha pili. Spana ilikuwa nyepesi mkononi kama haikushika kitu. Ilipofika kidole cha tatu alimsikia mkewe akivuta pumzi.

"Sasa," alisema, kwa sauti ya chini.

&nbsp;

Cheni iliyolegea vidole vitatu haina ahadi. Inaweza kukaa mwezi, inaweza kuruka kesho kwenye mteremko wa kwanza. Ikiruka, vali zinagongana na pistoni, na injini inakuwa chuma chakavu cha kuuza. Wagonjwa wawili wangebaki barabarani kati ya vichaka vya miiba, mahali ambapo magari siku hizi hupita kwa bahati. Evelio alilipima jambo hili huku akinawa mikono. Hakuwa mtu wa haraka. Aliona kwamba mara nyingi kinachochakaa kwanza si cheni bali kiatu chake, kile kipande kilichopinda kinachoigandamiza cheni isilegee. Akipata kiatu kabla ya saa sita, jioni gari litakuwa limefungwa. Akakwenda kwa Rigo.

Rigo fundi alikuwa barazani kwake na kaptura, akicheza dhumna na wazee watatu. Evelio aliamkia, akangoja mkono wa mchezo uishe kama adabu inavyotaka, kisha akauliza kama kiatu cha cheni ya gari lake la Lada kipo.

"Kipo," alisema Rigo, macho kwenye kete zake.

Katika mji ule neno hilo lilitaka kushikwa kwa uangalifu. "Kipo" iliweza kuwa kipo ndani ya droo yangu. Iliweza kuwa kipo ndani ya droo ya mtu ninayemfahamu. Iliweza pia kuwa kitu kama hicho kimewahi kutengenezwa duniani, na Mungu akijalia kitapita huku. Kumwambia jirani "hakipo" usoni ilikuwa ni kumfungia mlango, na watu hawakufungiana milango. Ndiyo maana mwenye akili zake aliuliza tena: kipo wapi? Evelio aliyajua hayo. Mwenyewe alikuwa amewajibu wengi hivyohivyo, akawaona wakiondoka wamefarijika. Lakini siku hiyo alikuwa na shida, na sikio lenye shida lilichukua lilichokuja kutafuta.

"Basi naenda kufungua," alisema.

"Fungua, mzee wangu, fungua," alisema Rigo, akaibamiza kete mezani hadi zingine zikaruka.

&nbsp;

Alimwaga maji ya rejeta kwenye beseni, akaing'oa rejeta. Akatoa feni, akatoa mkanda, akapigana na nati ya puli mpaka ikasalimu amri. Kila bolti aliitia kwenye kopo lake la maziwa, na makopo akayapanga mstari juu ya ukuta mfupi kwa mpangilio wa kutolewa, ili wakati wa kurudisha aanze na la mwisho. Nereida alimpa spana moja baada ya nyingine. Alikwisha kuzijua kwa majina kama alivyojua vijiko vyake.

Kava la mbele lilipotoka, Evelio alikitambua kiatu kabla hajakigusa, kwa sababu alikikata yeye. Kiwanda cha sukari kilipofungwa, ile mikanda mipana iliyobeba miwa iligawanywa na wananchi bila mtu kutangaza mgawo. Evelio alipata kipande cha urefu wa mkono, mpira mnene wenye nyuzi ndani, akachonga kiatu kwa kisu cha jikoni, akakipigilia misumari midogo juu ya chuma cha kiatu cha zamani. Mtaa mzima ulikuja kukitazama. Amado, jirani wa ukuta kwa ukuta, naye akaomba cha gari lake, na Evelio akamkatia kutoka kipande kilekile, jioni ileile. Watu walikunywa kahawa siku hiyo, wakamwita mhandisi.

Sasa mpira ulikuwa umevimba kama mkate uliosahauliwa ndani ya maziwa. Alipoubana ulibaki vidoleni mwake. Oili ilikuwa imeula kutoka ndani, na pale ulipokwisha, cheni ilikuwa ikilamba chuma kitupu mpaka kimeng'aa. Alitia kidole ndani zaidi, kikatoka na chembe nyeusi. Akakitia tena, kikatoka na nyingine. Alitambua kwamba chembe zilikuwa zimeshuka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kwenye chujio lake, na kwamba sampu nayo lazima ishuke, ioshwe, irudi. Haikuwa tena kazi ya jioni moja, hata kiatu kingekuwa mfukoni mwake.

"Ni kibaya?" aliuliza Nereida.

"Kimeisha."

"Mimi nakuuliza kama ni kibaya."

Alijifuta mikono, akamwambia anakwenda kuchukua hicho kingine.

Rigo alikuwa kwenye mkono mwingine wa dhumna. Alipomwona Evelio na mikono myeusi hadi viwikoni aliinuka nusu, na katika kuinuka kule Evelio alisoma habari yote.

"Kipo kwa binamu yangu, mkoani," alisema Rigo. "Kesho anakuja na treni ya asubuhi. Kama treni ipo."

"Uliniambia kipo."

"Na si kipo? Kipo kwake." Rigo alijikuna kifua. "Ungeniuliza kipo wapi, mzee Evelio, ningekwambia. Wewe hukuuliza."

Hilo lilikuwa kweli. Wazee watatu walizikagua kete zao kama wanaosoma barua. Mmoja wao alimsogezea Evelio kiti akae, na Evelio aliona kwamba akikaa hatainuka upesi, akashukuru, akaondoka.

Alikwenda zahanati. Jumapili hapakuwa na mtu wa usafiri, palikuwa na binti mmoja wa zamu na simu. Alimsikiliza vizuri, akapiga mara mbili, mara ya pili akapata mtu. Alipokata alieleza kwamba gari la dharura la mkoa haliruhusiwi kumchukua mgonjwa anayejiweza, ila mgonjwa akizidiwa aletwe hapo mara moja. Evelio aliuliza aletwe na nini. Yule binti aliitazama meza, akaomba radhi, na ilionekana wazi kwamba aliiomba kwa dhati. Evelio alitamani angekuwa mjeuri. Mtu mjeuri ungeweza kubishana naye.

&nbsp;

Alibaki Amado. Amado naye alikuwa na Lada, lakini yake ilitoka kwa maharusi tu, na kwa mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano na kutaka kupigwa picha wameegemea boneti. Kila Jumapili aliiosha kwa maji ya mvua, akaipangusa kwa shuka kuukuu. Yeye na mkewe Mirta walikula kutokana na gari lile, na hawakuwa na kingine.

Evelio alisema haja yake akiwa amesimama getini. Amado aliendelea kupangusa kioo cha mlango hadi kona zote nne.

"Gari langu limezoea mabibi harusi, jirani," alisema. "Likiona hospitali litalia."

Evelio alicheka, kwa kuwa ndicho kilichotakiwa. Alisema petroli ni yake, oili ni yake, na Amado akitaka yeye mwenyewe ndiye aendeshe. Mirta alitoka jikoni akifuta mikono, akasema si kwamba anabagua, Nereida ni kama dada yake, lakini wale wa figo wakati wa kurudi wakati mwingine hutapika, na viti vile alivishona kwa mkono wake. Huenda wangetandika plastiki. Evelio alisema plastiki ni wazo zuri. Mirta akauliza kama yule mwalimu naye angekubali kukalia plastiki. Evelio alisema angekubali. Aliposikia sauti yake ikikubali kila kitu aliona aibu kidogo, kisha aibu ikapita, kwa kuwa Amado alikuwa amelitupa shuka begani na kusema haya, saa kumi na moja alfajiri, na wasimcheleweshe.

"Sikiliza," alisema Amado, akaingia na kuiwasha ili amwonyeshe. "Kama saa ya ukutani."

Evelio alisikiliza. Mlio ulikuwepo, mdogo, chini kabisa ya mngurumo, na ungehitaji mtu aliyekaa na mlio ule tangu Jumatano ili kuusikia. Maharage makavu ndani ya kopo. Mara injini ikapata joto, mlio ukapotea.

"Kama saa," alisema Evelio, akaaga.

Nyumbani alimwambia Nereida kwamba usafiri umepatikana. Alimwambia habari ya plastiki kama kichekesho, na Nereida alicheka, akasema afadhali, atateleza hadi mlangoni kwa daktari. Kisha akamtazama mumewe usoni kwa muda mrefu kuliko kichekesho kilivyostahili.

"Kiatu chake si ulikikata wewe?"

"Ndiyo."

"Siku moja na chetu."

"Haendeshi sana," alisema Evelio. "Huenda chake ni kizima."

"Basi tukatazame."

Alimwambia hapana haja. Nereida alikwisha kuinuka na kigoda chake. Alisema Mirta hana kitu kingine duniani zaidi ya gari lile, likifa njiani likiwa limembeba yeye Nereida, ataishi mtaa huu kwa uso gani. Akaongeza kwamba naye anaamini kiatu ni kizima. Alitembea mbele, akipumzika kwenye ukuta kila baada ya hatua chache, na Evelio akamfuata na spana.

Amado hakupenda. Alisema gari lake halijawahi kulalamika, na kwamba kama ni ugonjwa wasimletee wa kwao. Lakini Mirta alisema watazame, watu wakitazama hawaondoki na kitu. Plastiki ilikuwa tayari imetandikwa kwenye viti vya nyuma.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya bomba la kiwanda. Evelio alilala chali, akafunga spana kwenye nati, akachora chaki. Juu yake alisikia kigoda kikitulia na kofia ya ukili ikikwaruza boneti. Alijua kwamba Amado amesimama nyuma ya Nereida na haoni kitu, kwa kuwa bila miwani yake hawezi kuona ndani ya distribyuta saa ile. Aliyeona alikuwa mmoja tu.

Akavuta.

Chaki ilipita kidole cha kwanza, na Nereida hakusema kitu. Evelio alipunguza mwendo. Alijua sasa kwamba alikuwa akimngoja aseme, hata kabla ya wakati, na kwamba akisema hatamuuliza kama ana hakika. Atafunga kifuniko, atashukuru, na alfajiri watapanda. Kidole cha pili. Spana ilikuwa nyepesi vilevile, mkono wake uliujua wepesi ule. Alisimama kidogo, akampa nafasi. Juu palikuwa kimya, ila pumzi zake, fupi, za mtu mwenye maji mengi kifuani. Alivuta tena. Kidole cha tatu kilipita, na kidogo zaidi.

"Sasa," alisema Nereida.

Amado aliomba aelezwe maana yake, akaelezwa. Alikaa juu ya ndoo yake aliyoigeuza. Alisema kwamba jana tu alikuwa na bibi harusi ndani ya gari lile, na mama yake, na keki. Hakumlaumu mtu. Alimuuliza Evelio kama Rigo ana kiatu.

"Kipo kwa binamu yake," alisema Evelio. "Mkoani."

Mirta alikuwa amefungua mlango wa nyuma na kuikunja plastiki, kona kwa kona, kwa uangalifu kama shuka la wageni. Alimshika Nereida bega, akamwambia pole, dada.

&nbsp;

Umeme ulikuwa umekatika Evelio alipofika kwa mwalimu Odalis. Alimkuta mlangoni akipiga pasi ya mkaa blauzi ya kesho, apate mwanga wa mwisho. Alimweleza yote, na mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, akaiweka pasi juu ya tofali. Hakuuliza habari ya cheni.

"Na Jumatano," alisema, "gari lipo?"

Evelio alifikiria sampu, chujio, binamu na treni.

"Lipo," alisema.

Mwalimu alimshukuru. Hakumuuliza lipo wapi. Alichukua pasi akaendelea na mkono wa pili wa blauzi.

Nyumbani Evelio aliifunika injini kwa kitambaa cha meza cha plastiki, umande usiingie, akaweka mawe kwenye kona. Aliyagusa makopo moja moja ukutani kuhakikisha mpangilio haujavurugika. Cheni ilikuwa imelala ndani ya beseni la mafuta ya taa. Akaigeuza mara moja, akaiacha.

"Kesho nitaanza na sampu," alisema.

"Anza na sampu," alisema Nereida.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda kilekile, pale gari lilipokuwa wazi, miguu ameinyoosha juu ya tofali. Kikombe kilikuwa mkononi, na bado kilikuwa na maji nusu. Aliyatazama. Kisha akanyanyua jagi, akayamimina yale maji humo polepole, asipoteze tone. Akapitisha ulimi kwenye ukingo wa kikombe uliobaki na unyevu, akakifudikiza juu ya ukuta mfupi, mwisho wa mstari wa makopo.